Betri ya Kikundi na Namba za Kwenye Skrini

Tumeombwa tuseme juu ya kile kidude chenye skrini ndogo ambacho vijana wetu wanaunganisha kwenye betri ili kujua chaji imebaki kiasi gani.

Si mnajua mambo ya stima hapa Kibera. Ikipotea, betri ya volti 12 ambayo kikundi kimechangishana kuinunua ndiyo inayowasha taa na kuchaji simu za wateja. Wazee watakumbuka miaka ya themanini na tisini, betri ya gari ikibebwa kwa baiskeli kwenda kuchajiwa ili watu watazame televisheni huko mashambani. Picha ilipoanza kusinyaa ndipo watu walijua chaji imekwisha, na wakati huo betri imeshaumia. Betri hii ya risasi na asidi, aina iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, haipendi kukaa tupu. Mabamba yake ya ndani hushika ukoko mgumu, na ukoko huo ukizidi hautoki. Pesa ya kikundi hupotea hivyo polepole, wala hakuna mtu ameiba.

Basi tuje kwa kidude. Ni kompyuta ndogo sana, chipu moja juu ya bodi. Inayojulikana zaidi ni Arduino, iliyoanzia Italia mwaka 2005. Ile ya aina ya Uno haipokei zaidi ya volti 5 kwenye pini ya kupimia, kwa hiyo ukiiunganisha na betri moja kwa moja utaiua. Fundi huweka rezista mbili zikifuatana: ya omu elfu 30 upande wa pozitivu, ya omu elfu 10 upande wa negativu, na waya wa kupimia hutoka katikati. Volti hugawanywa kwa nne, yaani 12.8 inakuwa 3.2. Programu huzidisha tena kwa nne na kuandika jibu kwenye skrini. Na jameni, msisahau fyuzi karibu na betri. Nyumba zetu zimebanana, waya ukishika moto hauchagui mlango.

Sasa sikilizeni hapa. Chipu haioni chaji, inaona volti peke yake. Sola ikiwa inachaji, volti hupanda hata kupita 14, na betri labda iko nusu tu. Ukiwasha vitu vingi, volti hushuka. Ndiyo maana mtu huona asilimia 100 mchana, na jioni taa zikiwashwa anaona 60, halafu watu wanaanza kushuku aliyeachiwa ufunguo!

Pimeni betri ikiwa imetulia masaa kadhaa, alfajiri kabla jua halijagonga paneli, na vitu vyote vimezimwa. Karibu 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 inaelekea kwisha. Namba hizi ni za betri ya asidi. Za lithiamu zina kipimo chao.

Sisi tungependa skrini ionyeshe volti, asilimia iachwe. Wengine wanasema akina mama hawataelewa volti. Hapo hatukubaliani. Mama anayepima mafuta ya taa kwa kibaba hashindwi na namba tatu.

Jambo jingine ambalo mafundi hulipita: bodi hupima kwa kulinganisha na zile volti 5 zake yenyewe. Zikishuka hadi 4.7 kwa sababu ya waya mbovu, betri yenye 12.2 itaandikwa karibu 13. Iko nusu, nanyi mnasoma imejaa. Kwa hiyo linganisheni skrini na mita ya fundi mara kwa mara.

Kila kikundi kiamue mapema nani atasoma namba alfajiri, na ikiwa 12.2 au chini, simu za wateja zingoje jua. Bodi moja iko hapa mezani pamoja na mita. Karibuni mbele, muishike.