Jina la Maktaba Iliyohamishwa: Mada kwa Waandishi wa Programu, Kigoma



Lugha ya PureScript, aliyoianzisha Phil Freeman mwaka 2013, kwa kawaida hugeuzwa kuwa JavaScript. Kompaila yake hupitia hatua ya kati iitwayo CoreFn, na mwenye kuisoma hatua hiyo anaweza kuzalisha lugha nyingine. Ndivyo ilivyopatikana purerl, bekiendi ya Erlang. Kibarua kimo kwenye maktaba: nyingi zina sehemu iliyoandikwa kwa JavaScript tupu, nayo lazima iandikwe upya. Ikishaandikwa, maktaba iitweje?

Watu wa purerl waliiacha maktaba ya msingi, prelude, na jina lake, na ndani yake moduli ni Prelude ile ile. Kilichobadilika ni mahali inapochukuliwa, napo hutajwa kwenye orodha yao ya vifurushi. Vitu vya Erlang peke yake vikapewa kiambishi: erl-lists, erl-atom. Nakubaliana nao. Wenzao wa ClojureScript, yaani Clojure inayogeuzwa kuwa JavaScript, waliigeuza maktaba ya clojure.core.async kuwa cljs.core.async, waandishi wakawa wanaandika njia mbili za kuiita, mpaka kompaila ilipofundishwa kutafuta la cljs pale la clojure linapokosekana.

Kuna atakayeuliza: mbona meli ya Graf von Götzen, iliyokuja kwa vipande kutoka Papenburg ikaundwa hapa hapa Kigoma, iliibuliwa majini 1924, ikaitwa Liemba mwaka 1927, na safari zikaendelea? Sawa, lakini abiria wa Kasanga hakulazimika kulitamka jina ndipo meli imbebe. Programu inalazimika, tena herufi kwa herufi.

Kinachonitia wasiwasi ni jina moja kubeba tabia mbili. Tuchukulie wauza dagaa wa Kibirizi wameweka hesabu za shilingi za ushirika wao katika Int, aina ya namba nzima. Upande wa JavaScript, jumla hukatwa kwenye biti 32: kwenye 2,147,483,647 ongeza 1, unapata -2,147,483,648. Ushirika umeamka na deni la zaidi ya bilioni mbili! Upande wa Erlang namba nzima haina kikomo hicho, na jibu ni 2,147,483,648. Moduli ni ile ile, alama ya kujumlisha ni ile ile. Majaribio ya kawaida hayataliona hilo, maana ni nani huandika jaribio la bilioni mbili?

Kwa Int ningeliacha jina, tofauti iandikwe juu kabisa kwenye maelezo ya kifurushi. Data.String.CodeUnits ni habari nyingine. Hiyo huhesabu vipande vya UTF-16, kama JavaScript inavyohifadhi maandishi, ilhali purerl huyahifadhi kwa UTF-8. Hapo kazi yenyewe imebadilika, kwa hiyo moduli ipewe jina jipya lenye erl. Programu ya zamani itagoma kukompailiwa, na mwandishi atajua siku hiyo hiyo ni mstari upi wa kurekebisha.