Nauli ya Maiti na Habari za Ng'ambo ya Mombasa

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Halmashauri ilitutaka tuseme machache juu ya habari za zamani za sehemu hizi tunazokaa, yaani Kisauni, Changamwe na Likoni, ili maneno hayo yapigwe chapa pamoja na taarifa ya mwaka na hesabu za Mweka Hazina. Tuliipokea kazi hiyo kwa furaha, kwani ni nadra mzee kukataa akipewa nafasi ya kusimulia. Lakini tulipoketi kuandika tuliona ya kuwa hatuwezi kusimulia habari hizo bila kugusa jambo moja lililotutia haya mwaka huu, nalo wengi wenu mnalijua. Basi na tuanze na hilo.

Mwanachama mwenzetu mmoja wa Kisauni alifariki, naye alikuwa amelipa ada yake zaidi ya miaka ishirini pasipo kukosa mwezi. Mkewe alikuja kwetu na kadi ya marehemu mkononi. Kitabu cha masharti kikafunguliwa, akasomewa kwamba Chama kitatoa nauli ya maiti mpaka kwao, na nauli ya watu wawili wa kuisindikiza. Akaulizwa, "Mama, kwao marehemu ni wapi?" Akajibu, "Kwao ni hapa." Akaulizwa mara ya pili, maana fomu ina mstari wa kujaza wilaya na kijiji: kwao kwa asili ni wapi? Mama yule akanyamaza. Mwisho wake, kwa kuwa hapakuwa na safari, hapakuwa na nauli. Alipewa rambirambi ndogo itolewayo kwa kila mtu, na jeneza likachangiwa na majirani. Hakuna aliyetenda kwa nia mbaya. Sharti lilifuatwa kama lilivyoandikwa. Hata hivyo sisi tuliokuwapo tulirudi nyumbani tukitazama chini.

Sasa, kwa nini mtu wa Kisauni ashindwe kuujaza mstari ule? Hapo ndipo habari za zamani zinapoingia.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikubali mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Mjumbe wa Kiingereza aliyetumwa kuzungumza naye juu ya jambo hilo alikuwa Sir Bartle Frere. Baada ya mkataba, manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi yenye watumwa, lilizuka swali ambalo waliouandika mkataba hawakulifikiri vya kutosha: watu hawa watapelekwa wapi? Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wengi. Baadhi walichukuliwa wangali watoto, hawakujua hata jina la mto wa kwao. Na hata aliyejua, njia ya kurudia ndiyo ileile iliyokuwa bado ikipita misafara ya wauzaji. Kwa hiyo wamisionari wa C.M.S., wakiongozwa na William Salter Price, walipata ardhi Kisauni katika miaka ya 1874 na 1875, wakajenga kijiji, nacho kikaitwa Frere Town kwa jina la mjumbe yule. Watu wakashushwa pwani, wakapewa majembe, na kila mmoja akaanza kumzoea jirani asiyejua lugha yake. Kiswahili chao cha kwanza walikifundishana shambani.

Waliowapokea hawakuwa Wazungu peke yao. Walikuwapo wale walioitwa Waafrika wa Bombay, ambao nao walikuwa wameokolewa baharini miaka ya nyuma, wakapelekwa Bara Hindi, wakasomeshwa huko Nasik, wakafundishwa useremala na uhunzi. Wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, walipewa ushemasi mwaka 1885 na Askofu Hannington. Watu hawa walikuwa wamerudi Afrika, lakini hawakurudi kwao, walirudi Mombasa.

Na ile kengele? Nyote mmepita pale Kengeleni, pengine mara mbili kwa siku, na makondakta hulitaja jina hilo wakiita abiria pasipo kujua wanaita nini. Kengele ile ilikuwa ikipigwa kuwaamsha watu na kuwapeleka kazini na kanisani, na pia kuwaonya wanapokuja watu wa kuwateka tena. Tulipokuwa wadogo wazee walitusimulia habari zake kwa sauti ya chini, tukadhani wanatutisha tu tusicheze mbali.

Tusije tukaisifu Frere Town kupita kiasi. Nidhamu ya kijiji ilikuwa kali mno, na mwaka 1881 ilibidi serikali ya Kiingereza ifanye uchunguzi juu ya watu kuchapwa viboko na kufungwa. Mtu aliyeokolewa kwenye jahazi akachapwa kijijini ana haki ya kuuliza uhuru wake uko wapi. Marehemu James Juma Mbotela, mwana wa Frere Town, aliandika kitabu chake *Uhuru wa Watumwa*, kilichotolewa mwaka 1934, nacho huwasifu Waingereza kuliko wengi wetu wa leo tungependa. Lakini bila kitabu hicho tungekuwa na barua za wamisionari tu, na sauti ya waliookolewa tusingeisikia. Wa ukoo huohuo alikuwa Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, ambaye kwa miaka mingi katika redio aliuliza nchi nzima, "Je, huu ni ungwana?" Swali hilo tungalilisikia vizuri siku ile tulipokuwa na kitabu cha masharti mkononi.

Tuna habari moja zaidi ya watu hawa, na twaomba mtuvumilie, kwani ndiyo iliyotufanya tusimame hapa.

Alikuwako kijana Myao, jina lake la kwanza Chengwimbe, aliyetekwa, akaokolewa baharini, akasomeshwa Nasik na kuitwa Matthew Wellington. Mwaka 1872 alichaguliwa pamoja na wenzake kumfuata Dkt. Livingstone barani. Livingstone alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Wale Waafrika, wakiongozwa na Susi na Chuma, walifanya shauri wao wenyewe bila kuamriwa na mtu. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu hata Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874. Safari ile ilichukua miezi tisa hivi, katikati ya maradhi na vijiji vilivyoogopa kupitishiwa maiti. Mwili ukavuka bahari, ukazikwa London katika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Ndugu zangu, sisi wa vyama vya kusaidiana twajisifu kwa kusafirisha maiti kwa basi usiku mmoja. Nauli ya maiti kubwa kuliko zote katika nchi hizi ililipwa na hawa, kwa mabega yao, ili mtu mmoja azikwe kwao. Naye Matthew Wellington mwenyewe aliishi miaka mingi Mombasa, akafa hapa mwaka 1935. Hakuna aliyembeba kwenda Uyao. Kama angekuwa mwanachama wetu, tungemwuliza mkewe wilaya na kijiji.

Husemwa kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo ni ya kweli kwa aliyeacha. Hawa hawakuacha, walinyang'anywa. Wakaanza asili nyingine, nayo imekwisha kutimiza miaka mia na hamsini. Na kaburi la mgeni huku ng'ambo si jambo jipya. Mwaka 1844 Dkt. Krapf alimzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga upande huu wa Nyali, na mpaka leo wageni hupelekwa kuliona kaburi. Hakuna aliyewaambia kuwa kwao si hapa.

Twasema haya tukikumbuka kwamba Frere Town nayo ilikuta wenyewe. Kabla ya misioni na reli, watu wa Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana, walikuwa na miji yao huku bara, ndipo wakahamia kisiwani. Wajomvu wangali Jomvu, Wadigo wako Likoni, na Mijikenda wengine walilima na kuzika huku tangu zamani. Hata wao wengi hawana karatasi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye shamba alete madai yake mbele ya ofisi, na asiyeleta, ardhi yake ikahesabiwa ya serikali. Ndiyo sababu hapa Mombasa twaweza kumsikia mtu akisema nyumba ni yake lakini ardhi si yake, jambo ambalo ndugu zetu wa bara huliona la ajabu wanapofika. Kwa watu wa namna hiyo kaburi la babu ndiyo hati iliyobaki.

Changamwe ni habari nyingine, nasi tutaipita upesi kwa kuwa wengi wenu mmeiishi. Reli ilianza kujengwa mwaka 1896, njia ya Makupa ya kupitisha magari ikawa tayari mwaka 1929, na tangu hapo Changamwe ikawa mlango wa watu wa bara. Walikuja makuli wa bandarini na wafanya kazi wa reli, na baadaye wa kiwanda cha kusafisha mafuta, kilichoanza kazi mwaka 1963 na kusimama mwaka 2013. Walilala wengi katika chumba kimoja. Mwezi wa Januari 1947 waligoma pamoja, mji mzima ukasimama, kwa sababu mshahara haukutosha chakula na kodi. Mtu wa namna hiyo alihesabu siku za kurudi kwao, na hofu yake kubwa ilikuwa kufa hapa akazikwa na watu wasiomjua jina. Vyama kama hiki vilizaliwa katika hofu ile. Waliotunga sharti la nauli hawakukosea hata kidogo. Walijiandikia wao, kwa shida yao. Hawakujua tu kwamba siku moja mtu wa Kisauni ataketi nao.

Likoni twalijua kwa kivuko. Feri ilianza mwaka 1937, na kabla yake watu walivushwa kwa mashua. Sisi tuliozoea daraja la Nyali, lile la zamani la kuelea lililodumu tangu 1931 hata 1980, tulikuwa tukiwacheka watu wa Likoni kwa kungoja feri, nao wakitucheka kwa daraja linalopanda na kushuka na maji. Mzaha huo ulikoma Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka asubuhi karibu kabisa na ufuko, watu wakienda kazini. Walikufa watu 272. Tulikuwa miongoni mwa waliokwenda kutambua maiti, na hatutaeleza tuliyoyaona. Tutasema hili tu: katika wiki ile wengine walisafirishwa mbali sana, wengine wakazikwa hapa hapa Likoni. Na katika daftari la kumbukumbu la Chama la mwezi ule, ambalo tumelisoma upya wiki iliyopita, imeandikwa kwamba kila jamaa ya mwanachama aliyekufa ilipewa kiasi kilekile, "iwe kwa safari au kwa kaburi". Waliotia sahihi maneno hayo, watatu wangali hai, na mmoja yuko hapa mbele, safu ya kwanza. Hakuna siku hiyo aliyefungua kitabu cha masharti. Sisi pia hatukukifungua.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaleta mambo mawili, tukiomba yapigiwe kura kabla ya chai.

La kwanza, sharti la nauli lisomwe hivi: "Mwanachama akifa, Chama kitatoa fedha za mazishi, kiasi kimoja kwa wote, iwe kwa safari au kwa kaburi", na katika fomu, mahali pa wilaya na kijiji, paandikwe tu, "Atazikwa wapi?"

La pili, mjane tuliyemtaja alipwe kiasi kilichosalia kana kwamba sharti hili lilikuwako siku ile, na watu wawili wa Halmashauri wampelekee nyumbani, asiitwe yeye kuja ofisini tena. Tumemwuliza Mweka Hazina kama fedha zipo. Amesema zipo.