Waje Wenyewe Watutoe



Katika Matendo ya Mitume, sura ya 16, tunasoma habari za Paulo na Sila mjini Filipi. Walichapwa hadharani bila kuhukumiwa, wakatiwa gerezani. Asubuhi wakubwa wa mji walituma watu wawafungulie, waende zao kimya kimya. Paulo akakataa. Aliwataka wakubwa wale waje wenyewe. Kosa lililotendwa mbele ya watu lisifichwe gizani.

Jambo kama hilo limeonekana huko Chicago, Marekani. Kati ya mwaka 1972 na 1991, ofisa wa polisi Jon Burge na askari waliokuwa chini yake waliwatesa watuhumiwa zaidi ya 100, wengi wao watu weusi, ili wakiri makosa. Mwaka 1982 daktari wa jela alimwandikia mkuu wa polisi juu ya majeraha ya mfungwa mmoja, akaomba uchunguzi. Hakuna askari aliyeshtakiwa wakati huo. Burge alifukuzwa kazi mwaka 1993. Mwaka 2010 alipatikana na hatia, lakini si ya kutesa, maana muda wa kumshtaki kwa hilo ulikuwa umepita. Hatia yake ilikuwa kusema uongo chini ya kiapo katika kesi ya madai.

Mji ule ulilipa mamilioni ya dola kumaliza kesi. Lakini mara nyingi anayelipa ili kesi iishe hakubali kwamba amekosa. Fedha hupokelewa, na majirani huendelea kunong'ona, "Labda alikuwa mhalifu." Kwa hiyo walioteswa walidai zaidi ya fedha. Mwezi wa Mei 2015 baraza la mji lilikubali kutenga dola milioni 5.5 za fidia, kuomba radhi rasmi, kuwapatia huduma ya ushauri, na kuwafundisha watoto shuleni habari hiyo.

Kwetu Kenya, sheria ya mwaka 2011 iliunda mamlaka ya IPOA ili kuchunguza malalamiko juu ya polisi. Lakini mtu aliyeumizwa huogopa kwenda peke yake. Basi, ndugu, tusianze kwa kumwuliza, "Ulikuwa umefanya nini?" Tumpeleke hospitali, majeraha yake yaandikwe. Tumsindikize akatoe habari yake. Tusimwache kesi inapochukua miaka.

Nawe, ndugu askari unayeketi pamoja nasi kanisani, usidhani tunakuchukia. Mlinzi wa gereza la Filipi aliwaosha Paulo na Sila majeraha yao usiku ule ule, hakungoja amri ya wakubwa. Askari anayesema kweli juu ya mwenzake aliyekosa haisaliti kazi yake. Anaiosha.

Tuombe. Ee Bwana, uwape walioumizwa watu wa kuwasikiliza, nao walioumiza uwape moyo wa kukiri. Amina.