Fundi Naye Alipwe: Uanagenzi wa Wakimbizi na Wenyeji Jijini Nairobi



Nimeombwa nizungumzie uanagenzi kama njia ya kuwapatia kazi wakimbizi wanaoishi mijini pamoja na wenyeji wao. Nitabaki Nairobi. Hapa wakimbizi kutoka Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi na Sudan Kusini wanaishi mitaa ileile na vijana wa Kenya wasio na ajira, na hapa pia ipo sekta isiyo rasmi ya jua kali, ambayo tangu zamani hufundisha watu kazi bila darasa wala ubao. Ukipita karakana za Kamukunji asubuhi huna haja ya maelezo: nyundo zinalia, na kando ya fundi yupo kijana ameshikilia bati.

Kosa kubwa la miradi yetu ni kumtazama mwanagenzi na kumsahau fundi. Tunanunua vifaa, tunalipa nauli za vijana, tunachapisha vyeti. Fundi anaambulia ahsante. Ilhali gharama ya kweli iko kwake. Saa ambayo fundi cherehani anaitumia kumwonyesha mtu namna ya kukata kola ni saa ambayo hakushona. Kitambaa kikiharibika, mteja hamdai mwanagenzi. Ndiyo sababu mafundi wengi hutoza ada, na kijana wa Mathare asiye na ada hubaki nje pamoja na Mkongomani wa Kayole asiye nayo. Shida ni moja, na dawa yake ni moja: fundi alipwe kwa kila mwanagenzi, na sehemu ya malipo ishikiliwe hadi mwanagenzi apite mtihani. Muda nao uwe wa kutosha. Ushonaji hauivi kwa miezi mitatu, ingawa najua wafadhili huipenda miezi mitatu kwa sababu ripoti zao ni za robo mwaka.

Napendekeza pia kila fundi achukue mkimbizi na mwenyeji pamoja, na si kwa ajili ya picha. Mwenyeji anajua wateja wa mtaa na bei zao; mkimbizi mara nyingine huja na ujuzi wake, kama mishono ya vitenge ya Wakongomani, ambayo wanawake wengi wa Nairobi huitafuta. Isitoshe, manung'uniko ya kwamba wageni wanapewa na sisi tunaangalia hupungua. Uganda imeliona hili mapema, ndiyo maana utaratibu wake hulenga asilimia 30 ya misaada ya wakimbizi iwafikie wenyeji.

Sasa nije kwenye karatasi, ambako mambo huharibikia. Fundi anayesita kumpokea mkimbizi ana sababu. Desemba 2012 serikali iliamuru wakimbizi wa mijini warudi kambini. Mahakama Kuu ikaibatilisha amri hiyo Julai 2013. Aprili 2014 ukaja msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch, mtaa wa Eastleigh ukazingirwa na watu wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Aliyeona hayo hataki polisi karakanani kwake. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi, lakini bado pana kibali cha kazi cha daraja M, na fundi wa kawaida hajawahi hata kukisikia. Ni wajibu wa mradi kumweleza fundi sheria kabla ya kumletea mtu, na kushughulikia hati za mkimbizi kabla ya siku ya kwanza ya mafunzo.

Cheti cha mradi, chenye nembo nyingi, hakimsaidii mtu akienda kuomba kazi. Kinachomsaidia ni mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), unaoanzia Gredi ya III na kupanda hadi ya I. Mtihani huo hupima kazi ya mikono, kwa hiyo aliyeacha vyeti vyake vya shule Goma au Bujumbura anaweza kupata karatasi inayotambulika Kenya. Usajili na ada ya mtihani viwekwe katika bajeti tangu mwanzo, visingoje salio la mwisho wa mradi.

Nawaomba basi walioshika bajeti katika ukumbi huu waongeze safu ya malipo ya mafundi kabla ya awamu ijayo, nao maafisa wa wakimbizi na wa NITA wakae meza moja siku ya kuwasajili wanagenzi.