HOTUBA YA IJUMAA: AKIBA ILIYOMO TOPENI

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu, tunamwomba msaada na msamaha, na tunamsalia Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, nanyi mnaotusikiliza majumbani,

Mwaka mmoja mvua za vuli zilipoanza hapa Madale, mimi ninayesema nanyi nilipanda mbegu zangu zote za mahindi kwa siku moja. Mvua ikakatika, jua likawaka wiki tatu, miche yote ikakauka. Jirani yangu, bibi mzee asiyepata kusoma kitabu, alipanda nusu, na nusu akaiweka darini. Mvua iliporudi, yeye alikuwa na mbegu. Mimi nilikwenda kumwomba.

Tuwazingatie basi viumbe wadogo wa jamii ya kamba wa majini, waishio katika madimbwi ya mvua ya Afrika Mashariki, ambao wataalamu huwaita Streptocephalus. Dimbwi likikauka wao hufa, lakini mayai yao hubaki katika tope kavu, yakastahimili jua hata miaka. Mvua ikinyesha, baadhi ya mayai huanguliwa na mengine husubiri, ingawa yamelowa maji yale yale. Kwani mvua ya kwanza haitoi ahadi. Dimbwi likidumu, waliotoka hukua upesi na kutaga. Likikauka mapema, hao huangamia, bali kizazi hakikatiki. Mwaka 1966 mtaalamu Dan Cohen alionyesha kwa hesabu, kwa mfano wa mbegu za mimea, kwamba kadiri misimu mibaya inavyozidi, ndivyo inavyofaa sehemu kubwa zaidi ya mbegu ibaki ardhini.

Yai halijui ya kesho, wala sisi hatuyajui. Lakini Mola amelijaalia yai njia yake, na sisi ametupa akili. Nabii Yusuf, amani imshukie, aliwaongoza watu wa Misri kuhifadhi nafaka katika masuke yake kabla ya miaka ya njaa. Kuweka akiba hakukumpunguzia tawakali.

Hata hivyo, angalieni: mayai hayasubiri yote. Afichaye kila kitu kwa hofu hatavuna. Basi mwenye shamba na agawe mbegu zake, na mwenye mshahara asiumalize siku aupokeapo. Na aliyesalimika amkumbuke jirani aliyekosea, kama nilivyokumbukwa mimi.

Ewe Mola, tujaalie mvua yenye manufaa, busara ya kuingojea, na mikono isiyofumba mbele ya mwenye haja. Amin.