Kijicho, Kinyago na Kamba ya Ziwani
Mhadhara wa umma, Kashai, Bukoba



Vijana walioniita wanataka kuandaa maonyesho ya picha na vinyago hapahapa Kashai, na mada waliyoichagua ni tabia za mtu: maovu yake, mema yake, na yale yanayomchemka moyoni. Waliniletea daftari la michoro ya awali. Upande wa maovu kurasa zilikuwa zimejaa. Kulikuwa na hasidi, bakhili, mlafi, mbea, mwenye kiburi, na kila mmoja alikuwa na sura yake ambayo ungeweza kuitambua njiani. Upande wa mema kulikuwa na maneno matatu: upendo, amani, umoja. Pembeni mwa kila neno walikuwa wamechora njiwa. Njiwa yuleyule, mara tatu.

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilijiuliza mimi ningechora nini na sikupata jibu. Mhadhara huu umetoka kwa njiwa huyo. Kwa nini ubaya unachoreka upesi hivi, na wema unamkwamisha hata mwenye kipaji?

Sehemu ya jibu imo kinywani mwetu. Lugha imekwisha kuwachongea vijana hawa nusu ya maonyesho. Bakhili tunamwita mkono wa birika. Kalitazameni birika lolote la chai pale sokoni: mkono umekunjwa, umejishika kiunoni, na haunyooki mpaka uung'oe. Asiye na aibu ana uso mkavu. Mwenye chuki isiyo na sababu ana roho ya korosho, na anayeujua mkorosho anajua kwamba korosho haikai ndani ya bibo pamoja na utamu. Imening'inia nje, imejikunja kama figo, na ganda lake bichi lina mafuta yanayobabua ngozi. Hasidi je? Hasidi ana kijicho. Hapo lugha haikuhangaika hata kutafuta mfano. Imelichukua jicho, ikalipunguza kimo, basi, tabia nzima imepatikana.

Warumi wa kale nao waliiita husuda kwa neno lililotokana na kutazama, invidia, na kuna mchoraji aliyelielewa neno hilo vizuri kuliko wote niwajuao. Mwaka 1305 hivi, katika mji wa Padua, Italia, Giotto alipamba kuta za kanisa dogo la tajiri Enrico Scrovegni, mtu ambaye baba yake alikusanya mali kwa kukopesha kwa riba. Chini ya picha kubwa za maisha ya Maria na Yesu aliweka watu kumi na wanne wa rangi ya kijivu, wanaofanana na sanamu za mawe: mema saba ukuta huu, maovu saba ukuta ule, yanatazamana. Sijafika Padua. Nimewatazama vitabuni, na mmoja nimemtazama kupita kiasi.

Huyo ni Husuda. Ni mwanamke mzee aliyesimama ndani ya moto wala hana habari nao. Mkono mmoja umeshika mfuko wa fedha. Wa pili umenyooshwa kudaka cha mwenzake, na vidole vimeanza kuwa makucha. Masikio yametanuka kama ya popo, maana hasidi hasikii vizuri ila habari za jirani. Mdomoni mwake anatoka nyoka. Nawaomba mumfuate nyoka huyo kwa kidole: anatoka kwenda mbele, kama anayemwendea mtu, kisha anajipinda hewani na kurudi kumlenga mwanamke yuleyule machoni. Giotto hakuhitaji maelezo marefu. Jicho lililoanza ugomvi ndilo linaloumwa.

Mkabala wake amesimama Upendo, amekanyaga mifuko ya fedha, mkono mmoja una chombo cha matunda na maua, mwingine umeinuliwa kwa Mungu. Ni kazi ya bingwa. Lakini ukifunga kitabu, anayebaki kichwani ni yule mzee na nyoka wake. Hata Giotto, kwa hiyo, alikuwa na njiwa wake.

Turudi nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mjini Dar es Salaam, mchongaji wa Kimakonde aitwaye Samaki Likankoa alianza kutoa vinyago ambavyo wanunuzi hawakuwa wamevizoea. Inasimuliwa kwamba sehemu ya kinyago kimoja ilimvunjikia, naye badala ya kukitupa akakipeleka kilivyo kwa Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago, aliyemtia moyo aendelee hivyohivyo. Mtindo huo tunauita shetani. Jicho moja, sikio linaloshuka hadi gotini, mdomo uliopasuka mpaka kisogoni, tumbo ambalo ni tundu tupu unaloweza kupitisha mkono. Wachongaji wenyewe walisema hizo ni roho za porini na majini, si orodha ya dhambi, nami sitaki kuwawekea maneno mdomoni. Ninachosema ni kwamba mtu wa Kashai akisimama mbele ya sikio lile la mpingo hahitaji mkalimani. Atataja jina la jirani yake.

Kisha akaja George Lilanga. Alizaliwa mwaka 1934 huko kusini, na miaka ya 1970 alikuwa mlinzi pale Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kabla wenye nyumba hawajagundua kwamba mlinzi wao ni msanii kuliko wengi waliokuwa ndani. Alifariki mwaka 2005, kazi zake zikiwa zimefika Ulaya, Marekani na Japani. Mashetani wake hawatishi. Wana vitambi, masikio makubwa, vidole viwili vitatu, na shughuli nyingi: wanapika, wanagombana, wanakunywa, wanaugua, wanabebana. Majina ya picha zake aghalabu ni sentensi nzima za Kiswahili, kama umbea uliokatwa katikati. Jambo moja tu nataka mlishike kuhusu Lilanga, kwa sababu nitalirudia: mara chache sana shetani wake yuko peke yake.

Maana kuna mtindo mwingine wa Kimakonde, na hapo ndipo nadhani dawa ya njiwa ilipo. Mchongaji Yakobo Sangwani, aliyetoka Msumbiji, alileta Dar es Salaam umbo lililoitwa dimoongo, neno linalobeba maana ya nguvu. Mwanzoni lilimwonyesha mshindi wa mieleka akiwa juu ya mabega ya wenzake. Likakua likawa nguzo ya watu: mmoja amesimama juu ya mgongo wa mwingine, huyu amemshika yule kifundo, mtoto amejibanza kwapani, wote wametoka katika gogo moja la mpingo. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, nguzo hiyo ikajulikana kote kwa jina la ujamaa, na wageni wakainunua kwa wingi hata ikachongwa vibaya, kwa pupa, ya kuuzia hotelini. Tusiihukumu kwa zile za hotelini.

Tazameni tofauti. Shetani ni mwili mmoja ambao kiungo kimojawapo kimevimba kikala vingine vyote. Ujamaa ni miili mingi ambayo haina kiungo kilichovimba. Ukichukua mtu mmoja wa nguzo ile ukamtoa, ana nini? Hana kitu: pua, magoti, mgongo. Wema wake hauko mwilini mwake, uko pale kiganja chake kinapogusa kisigino cha wa juu. Ndiyo maana vijana wetu walikwama. Walikuwa wanatafuta sura ya mtu mwema, na mtu mwema akiwa peke yake hana sura ya pekee.

Hapa mtaniuliza habari za majivuno, na mna haki. Sisi tunaitwa Wahaya, na majirani zetu hawachoki kutukumbusha kwamba hiyo haya yenyewe hatuna. Wanatuita nshomile, nimesoma, na sisi badala ya kukasirika tunauliza kama wamelitamka sawasawa. Lakini jamani, tuna okwebuga. Mtu anasimama na mkuki wake, zamani mbele ya Omukama, yaani mtawala, siku hizi harusini, anajitaja, anazitaja sifa zake na za ukoo wake, sauti imepanda, anatetemeka. Ukimkata katika picha ukamtundika peke yake ukutani, umepata Kiburi kamili. Mrudishe uwanjani, mzungushie watu wanaomsikiliza na kumwitikia, uwakumbuke wale waliosimama hivyo mbele ya mtawala wao kumwahidi kwamba watamfia: maneno yaleyale yamekuwa kiapo. Profesa Mulokozi, mwana wa mkoa huu, ametumia miaka mingi kuandika juu ya tendi za enanga, ala yetu ya nyuzi, na sanaa hizi za kughani, na nadhani somo la kwanza la kazi hiyo ni kwamba huwezi kulitenga neno na watu lililoambiwa.

Sasa niwapeni picha ninayotaka itundikwe ukuta wa mema. Mnaijua. Jumapili asubuhi, tarehe 6 Novemba 2022, mvua na wingu, ndege yenye watu 43 ikaanguka ziwani karibu kabisa na uwanja wetu wa ndege. Waliokufa ni 19, waliookoka 24. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao ya kasia. Taifa, kama kawaida ya mataifa, likamtafuta shujaa mmoja, likampata kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, naye akasifiwa nchi nzima na ikaagizwa aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Sina ubishi na sifa zake. Lakini picha iliyonikaa mimi ni ile ya ufukweni: kamba ndefu imenyooka kutoka majini, mkia wa ndege umetokeza, na watu wengi wameishika kamba wanavuta. Raia, askari, wengine wameloa mpaka kifuani. Nyuso hazionekani, wameinama. Hiyo ni dimoongo iliyolazwa chini.

Mwanafunzi mmoja aliyeusoma mhadhara huu kabla yenu alinikatiza hapo. "Mwalimu, na kundi la kumpiga mwizi? Nalo lina miili mingi." Nilikosa usingizi. Ni kweli, mitaa yetu imewahi kuona vijana wakipigwa mawe na kutiwa moto kwa kelele moja tu ya "mwizi!", na waliofanya hivyo walikuwa majirani, wengi wao watu wa ibada. Basi wingi wa watu peke yake si wema, na nililazimika kukivunja nilichokuwa nimekiandika.

Nililopata baadaye ni hili, nanyi mlipime. Katika kundi lile hakuna anayebeba kitu. Mtu yeyote akiondoka, kipigo kinaendelea. Akirudi, hakuna aliyegundua kwamba aliondoka. Kila mmoja anaweza kusema kesho kwamba jiwe lake halikumpata, na pengine ni kweli. Penye kamba, ukiachia, aliye nyuma yako anausikia uzito huo viganjani papo hapo. Penye nguzo ya mpingo, ukimkata mmoja katikati, walio juu wanaanguka. Kwa hiyo vijana, mkitaka kuchora wema, msichore nyuso zinazotabasamu, wala mikono iliyoshikana kama kwenye kalenda za benki. Choreni uzito, kisha choreni ulipoangukia. Na kundi la mawe nalo lichoreni, lisifichwe. Liwekeni mkabala na kamba, kama Giotto alivyopanga kuta zake, mtazamaji asimame katikati.

Nina nguzo ndogo ya ujamaa nyumbani, niliinunua Mwenge, Dar es Salaam, nikiwa kijana mwenye mshahara wa kwanza. Kwa miaka yote hiyo nimeitazama kuanzia juu, alipo mama mwenye mtoto, na macho yangu yalikuwa yakichoka kabla ya kufika chini. Mjukuu wangu, ambaye kimo chake kinalingana na meza, ndiye aliyeniuliza: "Babu, huyu wa chini kabisa anaitwa nani?" Sikuwahi kumwona. Nikapiga magoti. Yupo kweli, amechuchumaa, kisogo chake kimekanyagwa na miguu miwili ya watu tofauti, na mchongaji amempa kitu ambacho hakuwapa wengine wote: meno, yamechongwa moja moja. Tumemkodolea macho mimi na mjukuu jioni nzima. Yeye anasema anacheka. Mimi naona ameyauma.