Dawa Isiyopenda Maji



Kumeza dawa si sawa na dawa kuingia katika damu. Ili ipenye utumbo, yapasa kwanza iyeyuke. Isipoyeyuka, nyingi yake hutoka na choo.

Chukueni mfano wa siklosporini, izuiayo mwili usikatae figo ya kupandikizwa. Marekani iliiruhusu mwaka 1983. Ile ya kwanza, Sandimmune, ilitiwa katika mafuta, ikategemea nyongo ya mgonjwa kuyavunjavunja. Hivyo dozi ile ile iliingia kwa kiasi tofauti, mtu kwa mtu. Ikipungua katika damu, figo hukataliwa. Ikizidi, yenyewe huiharibu figo.

Mwaka 1995 ikaruhusiwa huko aina mpya, Neoral: mafuta yaliyochanganywa na vitu vifanyavyo kazi kama ya sabuni. Ikikutana na maji ya tumboni, hujigawa yenyewe kuwa matone madogo mno, na dawa huingia kwa kiasi cha kutegemeka zaidi. Ndiyo maana mgonjwa habadilishi moja kwa nyingine bila daktari, ingawa dawa ni ile ile.

Vijana, somo la mafuta na sabuni msilidharau. Uhai wa watu umo ndani yake.